Flamingo wa Nakuru walienda wapi? Nimepeleka watoto, nimerudi na picha za nyani

MamaPacha58

Habari za jioni wenzangu. Naishi Section 58 hapa Nakuru, mwaka wa kumi na moja sasa, na naona aibu kusema sikuwa nimewahi kuingia Mbuga ya Ziwa Nakuru hadi Jumamosi iliyopita. Ni kama wale watu wa Mombasa wasiojua kuogelea. Mbuga iko hapo tu, unasema mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka watoto wanafika Gredi ya 3.

Basi tukaazima gari la shemeji, tukaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pacha wangu walikuwa wamechora flamingo wiki nzima, penseli ya pinki ikaisha wakaanza kuchora kwa lipustiki yangu. Tumeona vifaru weupe watano wakila nyasi kando ya barabara kama ng'ombe wa jirani. Tumeona twiga wenye soksi nyeupe, nyati, pundamilia, na mkia wa simba ukining'inia kwenye mgunga (simba mwenyewe alikataa kujitokeza). Flamingo? Kamstari kembamba kule ng'ambo, kama mtu ameanika leso ya pinki kwenye kamba. Binti yangu akauliza, "Mama, hawa wengine wameenda likizo?" Nikakosa la kumjibu.

Halafu ile miti. Migunga imekufa imesimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa, na mnandi wamekaa juu wakianika mabawa. Mwanangu wa kiume alinyamaza kwa muda mrefu, na yule hanyamazi.

Saa nne tukapanda lile jabali la nyani kula. Dume moja likaja polepole kama mzee anayekuja kusalimia. Likafungua mlango wa nyuma. Sisemi dirisha, nasema MLANGO. Likatoa hotpoti, likakaa juu ya boneti, likafungua kifuniko, likaanza kutoa chapati moja moja, linazikunja nne kabla ya kutia mdomoni. Sisi tumesimama tunatazama kiamsha kinywa chetu kikiliwa kwa adabu kutushinda.

Maswali yangu ni matatu. Walienda wapi? Watarudi? Na mtu wa mshahara mdogo huku kwetu apeleke watoto wapi waone kitu, bila kuambiwa Maasai Mara?

Chokoza_Tu

Flamingo walisikia bei ya unga wakaondoka. Wana akili kutushinda.

DerevaLanet

Mama Pacha pole na chapati. Dume hilo lina sikio lililokatika? Kama ndilo, nalijua. Pale juu funga milango kwa ufunguo, si kuirudisha tu. Na usiwahi kushindana nalo, hasa ukiwa mwanamke au mtoto, kwa sababu linawapima watu kabla ya kuja.

Mimi naendesha wageni tangu 2006. Wakati huo nilikuwa naegesha kando ya ziwa, wageni wanashuka, wanatembea juu ya magadi yaliyokauka, yanalialia chini ya viatu kama maganda ya mayai. Mbele yao pinki mpaka macho yanachoka. Mahali pale nilipokuwa naegesha leo hata nikisimamisha lori juu ya lori huoni paa. Lango kuu la zamani limekuwa maji, na sehemu ya barabara ya kuzunguka ziwa tuliyokuwa tunaitumia iko chini. Ziwa lilianza kupanda karibu 2010, 2011. Lilikuwa kama kilomita za mraba 40, sasa limepita 60.

Wageni wanashuka na picha za zamani kwenye simu, wananionyesha, wananiuliza "hapa ni wapi?" Nawaambia ni hapa. Wananiangalia kama nimewadanganya njia.

MwalimuKisumu

Mama Pacha, mwambie binti hawako likizo, wako kazini.

Kwa Kiswahili ndege huyu ni heroe, japo nikisema heroe darasani wanafunzi wananitazama kama nimetaja ukoo wa babu yangu, kwa hiyo nitasema flamingo. Wako wa aina mbili. Yule mkubwa, mweupe-mweupe, hula wadudu na konokono wadogo wa kwenye matope. Yule mdogo, mwenye pinki iliyokolea, ndiye aliyeifanya Nakuru ijulikane duniani, na huyo chakula chake ni kimoja hasa: mwani mdogo sana wa kijani-buluu, jina lake Arthrospira, ule unaouzwa madukani kama spirulina. Hata rangi yake inatoka kwenye chakula hicho. Mtazame akila: anapindua kichwa, mdomo wa juu unakuwa chini, ulimi unafanya kazi ya pampu, maji yanaingia na kutoka, na vichujio vilivyo mdomoni vinabakiza mwani.

Sasa mwani huo unataka maji ya magadi makali. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huingia kwa Mto Njoro, Makalia, Nderit na chemchemi za upande wa Baharini, kisha yanakaa pale mpaka jua liyachukue, magadi yanabaki. Miaka ya mvua nyingi maji huingia kuliko jua linavyoweza kuyanyanyua. Ni kama sufuria ya chai, wageni wamefika ghafla, umeongeza maji lakini majani ni yale yale. Chai ipo, rangi haipo. Flamingo akionja hiyo anaondoka, na anaondoka usiku, ndiyo maana mtu analala ufuo ukiwa wa pinki anaamka ni matope.

Wanaenda maziwa ya Bogoria, Elementaita, wengine mpaka Natron kule Tanzania. Natron ndiko mazalio yao makuu katika Afrika Mashariki yote. Wanajenga viota vya matope kama vichuguu vidogo, katikati ya maji yanayounguza ngozi, ili fisi na mbweha wasifike. Hapo Nakuru palikuwa mkahawa wao. Chakula kilikuwa kizuri, wakakaa, tukadhani ni wenyeji.

Kilimo_Njoro

Mwalimu umeeleza vizuri lakini umekwepa. Ni uchafu wa mji. Maji ya mvua ya Nakuru nzima yanaishia pale, na taka zake, na ya viwandani. Na msitu wa Mau ulikatwa. Semeni ukweli.

MwalimuKisumu

Sijakwepa ndugu yangu. Uchafu upo na una madhara yake, na msitu wa Mau ukikatwa udongo hushuka na maji hushuka kwa fujo badala ya kunywewa na ardhi. Lakini jiulize: Naivasha ilipanda wakati uleule. Baringo ilipanda. Bogoria ilipanda. Turkana ilipanda. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lenyewe lilifura tukaona maji kwenye hoteli za samaki hapa Kisumu. Hayo yote hayakusababishwa na mitaro ya Nakuru. Ripoti ya serikali iliyotoka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa iliweka mvua iliyozidi mbele, kisha matumizi ya ardhi, na miamba ya chini ikatajwa pia. Nakuru ina dhambi zake, lakini hii si yake peke yake.

MwarikiMtoro

Nyinyi mnalilia flamingo, mimi nalilia choo.

Nilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu Mwariki, mtaa wa hapa Nakuru. Maji hayakuja kama mafuriko ya Budalang'i, yanakimbia na kelele. Yalikuja kutoka chini. Kwanza choo kilianza kutoa povu. Baadaye nikipiga jembe hatua mbili nje ya mlango linatoka na unyevu, wakati wa kiangazi! Mwaka uliofuata sakafu ya sebule ilikuwa inatoa jasho asubuhi. Mke wangu akasema tuhame, mimi nikasema litarudi, si hata zamani lilikuwa linakauka? Halikurudi. Nilibomoa mabati nikayabeba kwa mkokoteni, kuta nikaziacha. Sasa ni nyumba ya kambare na kiboko.

Fensi ya mbuga ilikuwa kati yangu na ziwa. Leo fensi ya zamani iko majini na mimi niko Kiamunyi napanga. Mnaelewa? Mnyama niliyewekewa ua asinifikie alikuwa simba. Aliyenifikia ni ziwa.

Chokoza_Tu

Pole kaka. Hapo sina utani.

MamaPacha58

Pole sana Mtoro. Sikujua. Na kuna kitu niliona nikaogopa kuuliza: vijana na nyavu, upande wa nje. Kwani ziwa la magadi lina samaki?

MwarikiMtoro

Sasa lina samaki wa kula. Maji yalipopoa makali wakaingia. Serikali ilipiga marufuku kwa sababu ya hofu ya metali nzito zilizokusanyika humo miaka nenda rudi. Vijana wanavua usiku wakiwa na macho mawili, moja kwa askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na moja kwa kiboko. Samaki wenyewe wanafika sokoni wakiitwa wa Naivasha. Nilikula mara mbili, sitadanganya. Mara ya tatu nikafikiria watoto.

BabuKaptembwa

Wajukuu, hamjambo. Nimesomewa uzi huu na kijana wangu, sasa ananiandikia.

Samaki hawakuanza juzi. Kabla hata mbuga haijawa mbuga, miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60, wazungu walileta tilapia wadogo kutoka Magadi, wale wanaostahimili maji ya moto na magadi, ili wale viluwiluwi vya mbu. Mbu hawakuisha, ninyi mashahidi. Lakini ndege wala samaki wakafurahi. Mwari walikuja kwa maelfu. Walikuwa wanazaa Elementaita, kule kwenye visiwa vya mawe, halafu asubuhi wanapanda na upepo wa joto, wanazunguka, wanazunguka, kisha wanateremka Nakuru kuvua. Jioni wanarudi. Sisi tulikuwa tunajua saa kwa mwari.

Nilikuja Nakuru 1965 kufanya kazi reli. Sehemu ya ziwa ilikuwa tayari ya kulindia ndege, na 1968 ikawa mbuga ya taifa. Ukisimama juu ya mlima Menengai, ziwa lilikuwa na ukingo wa pinki kama kikombe kilichonywewa na mwanamke aliyepaka rangi. Lakini pia nimeliona ziwa hilo likikauka. Msisahau hilo. Kuna kiangazi ambacho upepo wa mchana ulikuwa unainua vumbi la magadi, jeupe, linaingia mjini, unalisikia kwenye meno. Wamasai ndio waliopaita Nakuru, na wanasema maana yake ni mahali pa vumbi. Nani leo ataamini?

Na nitawaambia la twiga. 1977 waliletwa kwa malori kutoka Soy, huko upande wa Eldoret, kwa sababu mashamba yalikuwa yanawamaliza. Nilisimama kando ya barabara nikaona shingo zimetoka juu ya mbao za lori, zinayumba kila kona, na macho makubwa yenye kope kama za bibi harusi. Watu walipiga vigelegele. Ndio hao wa soksi nyeupe aliowaona mama. Wakazaana vizuri mno, mpaka wakawa wanabambua magome ya migunga. Halafu ikajengwa fensi ya umeme, zaidi ya kilomita 70 kuzunguka mbuga yote, kwa ajili ya kifaru.

Ndege akiona chakula kimeisha anapiga mbawa usiku. Twiga anatazama waya.

Kilimo_Njoro

Ndiyo maana mimi nasema fensi zing'olewe. Mnyama awe huru.

DerevaLanet

Kilimo, awe huru aende wapi? Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Upande mmoja Lanet na Free Area, upande mwingine Kaptembwa, Kwa Rhonda, Barut. Umewahi kukutana na nyati saa kumi na moja alfajiri ukienda kufungua duka? Mimi nimewahi, mmoja aliyetoka pale fensi ilipolegea. Nilipanda juu ya kibanda cha viazi nikakaa huko hadi askari walipofika.

Na bila ile fensi hakungekuwa na kifaru wa kumwona. Kenya ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000 karibu 1970. Mwishoni mwa miaka ya 80 walikuwa hawafiki 400. Waliobaki wakakusanywa mahali pa kulindwa, na Nakuru ikawa mojawapo ya za kwanza. Hesabu ya wanyama ya 2021 ilipata vifaru 1,739 nchi nzima, weusi na weupe. Wale watano aliowaona Mama Pacha wamekaa kando ya barabara kama ng'ombe kwa sababu wamezaliwa hawajui bunduki.

Fensi ni mbaya, nakubali. Lakini ni mbaya kama kufuli la nyumba.

NyarLambwe

Mmezunguka ziwa lenu moja hadi kizunguzungu. Huku kwetu Homa Bay kuna mbuga ya Ruma, na hakuna hata mmoja aliyeitaja. Mama Pacha umeuliza pa kupeleka watoto. Lete Ruma waone korongo. Kenya nzima korongo wa porini wako huku tu, na ile hesabu ya 2021 ilipata 15. Kumi na tano! Hawatoshi kuunda timu mbili za mpira.

Lanet_Fundi

Dada, korongo ni wengi mbona. Wako kwenye mashamba ya ngano Njoro, wamejaa.

Chokoza_Tu

Korongo ni shimo la mmomonyoko. Kwetu nyuma ya nyumba yako matatu. Njooni mwone bure.

MwalimuKisumu

Wote mko sahihi, na ndiyo raha ya lugha hii. Korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, korongo ni ufa uliochimbwa na maji, na korongo ni paa mkubwa wa jamii ya palahala. NyarLambwe anasema yule wa tatu. Tueleze alivyo, dada, wengi hapa hawajamwona.

NyarLambwe

Erokamano (asante) mwalimu.

Ni mnyama mkubwa karibu kama farasi, rangi ya udongo mwekundu uliofifia. Uso mweusi na mweupe kama amevaa kinyago. Pembe zinakwenda juu kisha zinapinda nyuma. Masikio ndiyo yanachekesha, marefu, na nchani yana nywele kama ncha ya brashi ya rangi. Dume akikutazama kutoka kwenye nyasi unaona kinyago na brashi mbili.

Sababu ya kubaki huku haikuwa askari. Ni nzi. Bonde la Lambwe lilikuwa la ndorobo. Nzi huyo akiuma, ng'ombe alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa nagana, mtu alikuwa anapata malale, kwa hiyo watu hawakujaa bondeni kama walivyojaa sehemu nyingine. Nilipokuwa mtoto nyanya yangu hakuturuhusu kuvaa buluu wala nyeusi kwenda kuchota maji, kwa sababu ndorobo hufuata rangi hizo. Na serikali ilitumia rangi hizohizo kumtega: vitambaa vya buluu na vyeusi vimening'inizwa vichakani, vimetiwa dawa, vikipepea kama nguo alizosahau mtu kuanua. Tuliviogopa kuliko simba. Malale sasa yameisha, 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha Kenya imeyaondoa kama tatizo la afya ya umma. Ndorobo wenyewe bado unaweza kukutana nao, wanauma kama sindano ya kushonea gunia.

Basi fikirieni. Lilikuwa pori la akiba tangu 1966, likawa mbuga ya taifa 1983, na kabla ya yote hayo nzi ndiye aliyekuwa mlinzi. Nzi alipopungua, mashamba yakapanda mpaka kwenye waya, na pamoja na mashamba ikaja mitego ya nyaya. Korongo jike akizaa anamficha mtoto kwenye nyasi ndefu anakwenda zake kula. Fisi akimpata, kwisha. Mtego ukimpata mama, pia kwisha. Hapo ndipo mnafika 15.

Na Babu, wale twiga wenu wa soksi wako huku pia. Na vifaru tumeletewa. Fensi tunayo. Lakini nyinyi wa Nakuru mkitoka nje ya waya mnakutana na jiji, huku ukitoka unakutana na binamu yangu analima mahindi, na nguruwe na tumbili wanapita chini ya waya kumsalimia.

MamaPacha58

Na nguruwe akila mahindi, binamu anafanya nini? Anavumilia tu?

NyarLambwe

Anagonga debe usiku kuwafukuza. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ipo, inasema mtu akiuawa na mnyama familia ilipwe milioni 5, akipata ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2, na mazao yakadiriwe kwa bei ya soko. Unaripoti, unajaza fomu, kamati ya kaunti inakagua. Lakini si kila mnyama yuko kwenye orodha ya wale wanaolipiwa mazao, na fomu hailiwi na ugali. Binamu alipanda pilipili pembeni kwa miaka miwili. Nguruwe akawa anaruka mstari wa pilipili.

KijanaKitale

Wakubwa shikamooni. Mama Pacha, kama pesa ndiyo shida, gari ndilo linakula pesa, si kiingilio. Njoo Saiwa, karibu na Kitale. Ndiyo mbuga ndogo kuliko zote Kenya, haifiki hata kilomita tatu za mraba, na ndani unatembea kwa miguu. Ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe.

Nzohe ni swala wa kinamasi. Kwato zake ni ndefu zimepanuka, anatembea juu ya matete yanayoelea bila kuzama. Akiogopa anaingia majini anabakiza pua. Unaweza kuwa unaangalia pua ukadhani ni jani. Nenda alfajiri, panda mnara wa mbao, kaa kimya. Watoto wa miaka minane wanaweza kukaa kimya?

MamaPacha58

Hapana.

KijanaKitale

Basi warudishe kwa nyani wa Nakuru, huko waongee watakavyo.

Lanet_Fundi

Ushauri kutoka kwa aliyeungua. Pesa za kuingia lipa mwenyewe kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, getini hawachukui taslimu. Mwaka juzi nilimtumia mtu mmoja aliyejiita wakala wa safari pesa za watu sita, tukafika getini hakuna jina letu hata moja. Simu yake mpaka leo ni mteja hapatikani.

MamaPacha58

Wiki tatu baadaye, nimerudi na jibu.

Tulienda Bogoria. Saa mbili kasoro kutoka Nakuru, barabara ya Marigat, unaingia Loboi. Lile si la KWS, ni hifadhi ya kaunti ya Baringo. Nako pia ziwa limepanda, mzee wa getini alituonyesha chemchemi nyingine za moto zilizomezwa, zinatoa mapovu chini ya maji kama sufuria iliyofunikwa. Zilizobaki nje zinatosha. Tulibeba mayai kwenye mfuko wa wavu, tukayachovya tukiwa tumefunga kamba kwenye fimbo, dakika kama kumi. Yana harufu kidogo ya kiberiti lakini watoto walikula manne kila mmoja, na yule wa kiume hali mayai nyumbani.

Halafu tukapinda kona moja.

Kwanza tulisikia. Sikujua wana sauti. Ni kama soko la Wakulima ukilisikia ukiwa mbali, minong'ono elfu, hakuna neno hata moja unaloshika. Kisha harufu. Kisha ile rangi, na ndani ya ile rangi vichwa vyote viko chini, vinakwenda kushoto, kulia, kushoto, kama wanafyeka. Mwalimu, nimeona ile pampu. Kila mdomo una mawimbi madogo mbele yake. Hakuna aliyenyanyua kichwa kututazama. Binti akasema, "Kweli wako kazini." Alikuwa amebeba mchoro wake kuulinganisha na wenyewe, akaona amekosea, magoti yanapinda upande wa nyuma. Nikamwambia hilo ni kama kifundo cha mguu, goti liko juu limefichwa na manyoya, kwa kweli nilikuwa nimelisoma usiku uliotangulia ili nisiaibike tena.

Tukakaa mpaka jua likawa kali. Kundi moja likaruka, na chini ya bawa kuna nyekundu na nyeusi ambayo huioni wakiwa wamesimama. Likazunguka, likashuka palepale. Mvulana akauliza kama usiku wakiamua kwenda Natron wanapitia juu ya nyumba yetu. Nikasema inawezekana. Tangu siku hiyo anataka kulala na dirisha wazi, na mbu wa Section 58 mnawajua.

Mtoro, nilikukumbuka nilipoona zile chemchemi zilizomezwa.

DerevaLanet, niandikie viti vinne vya Ruma, Desemba shule zikifungwa. Ukipata watu wa kujaza gari bei ishuke, nitashukuru. NyarLambwe, nguo nyeusi na za buluu nimeshatoa kwenye mfuko wa safari. Shida ni sweta za shule, ni za buluu, na hawana nyingine nzito.

DerevaLanet

Viti viko. Tutaondoka saa kumi usiku, tupitie Kericho, chai tunywe Ahero.

NyarLambwe

Sweta ziacheni, huku kuna joto. Chapati leteni nyingi, nyani wa huku hawajajifunza milango.

DerevaLanet

Wa kwetu tusiwalete basi.